Mahindi ni ya Mwenyewe

Ninyi vijana mnaonunua ndengu kwa kuangalia rangi, mimi nawahurumia. Juzi nilipita soko la Kwa Vonza nikamwona mmoja wenu amefungua mdomo wa gunia, akachota konzi moja ya juu, akaipuliza, akaniambia, "Hii iko safi kabisa, Susu," kisha akalipa. Susu ndiye mimi. Kwetu Ukambani ndivyo nyanya anavyoitwa, na siku hizi hata watu wenye mvi wananiita hivyo. Nilitamani kumvuta sikio. Juu ya gunia ndiko muuzaji anakoweka zile nzuri! Zinazonuka ziko katikati, zimejificha, zinakungoja ufike nazo nyumbani.

Nimeuza nafaka tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikataza. Watu husema kazi hii haina elimu. Waseme tu. Mimi kwenye kazi hii nilijifunza kukagua mahindi, nikajifunza kukagua watu, na nikajifunza pia jambo moja kubwa ambalo nilisikia likisemwa kuhusu nchi ya mbali nisiyoijua, India, kabla sijaliona kwa macho yangu kwenye daraja la mto Athi. Hilo ndilo nataka mlijue. Lakini sitalisema haraka, kwa sababu hata mimi halikunijia haraka.

Naitwa Syombua. Nilianza kazi mjini Kitui, miaka ya kwanza kwanza baada ya uhuru, nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Velji. Tulikuwa kundi la wanawake, kazi yetu ikiwa kupepeta na kuchagua. Mawe huku, makapi huku, punje zilizotobolewa na dumuzi pale kwa kuku. Tulikuwa tukiimba nyimbo za kanisani tangu asubuhi, na Velji, ambaye kanisa alikuwa akiliona kwa nje tu, alizizoea mpaka tukiruka ubeti anatupigia kelele kutoka dukani, "Bado moja! Bado moja!"

Siku moja aliniita akanionyesha bambo. Wengi wenu hamjui hata jina lake. Ni chuma chenye ncha, kimechimbwa mfereji ndani. Unachoma gunia ubavuni, unakichomoa, na punje za katikati zinakuja zenyewe mkononi. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukichoma gunia lake. Yule anayeanza kukueleza habari za watoto wake huku ameshika mkono wako, achana naye.

Velji alinifundisha na chupa ya chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo, tia chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka, yatakuozea. Chumvi ikianguka chini yote, shona gunia ukalale. Mimi nilidharau chupa hiyo. Nilijiona nina meno mazuri, nikiuma punje nikasikia inalia basi imekauka. Nikatumwa Migwani baada ya mvua za vuli, nikanunua ndengu kwa meno yangu, nikarudi nikijisifu njia nzima. Tulipofungua ghala baadaye, magunia yalikuwa yameota. Hayakuoza, yaliota! Vimkia vyeupe vilikuwa vinatokeza kwenye matundu ya gunia.

Nilikaa chini nikangoja kufukuzwa. Velji alikuja, akachuna vimkia viwili, akatafuna, akaita mke wake. "Syombua," akaniambia, "kwa sisi hii iko chakula." Wakazikaanga na vitunguu na pilipili, na wiki nzima sisi sote wa nyuma ya duka tulikula ndengu zilizoota. Mpaka leo nazila hivyo, na wajukuu wangu wanadhani ni chakula cha Kikamba.

Sasa nije kwenye maneno ya Velji. Alikuwa na ndugu yake Bombay aliyefuma vitambaa. Ndugu huyo alikuwa akimtumia majarida, yanafika yamechakaa, na Velji anayasoma kwenye kaunta huku akipima sukari. Kuna wazee kule kwao, akatuambia, wengine walifungwa jela na Waingereza wakipigania uhuru, na sasa nchi imekuwa huru wanalalamika tena. Wanalalamikia nini? Vibali. Ndugu yake akitaka kuongeza mtambo mmoja wa kufumia, kibali. Akitaka kununua uzi, kibali. Akitaka kufuma kitambaa cha rangi ambayo hakuiombea kibali, anaweza kushtakiwa. Wale wazee walikuwa wakisema mali ni ya mwenyewe aliyeitolea jasho, mtu aruhusiwe kuuza na kununua na anayemtaka, sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo, na serikali iwe refa, isivae jezi ikaingia uwanjani kucheza.

Mwalimu Kilonzo alikuwa haachi maneno kama hayo yapite. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa tai hata wakati wa jua kali, na aliipenda serikali yetu mpya kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Alikuwa akija kununua chaki na kiberiti, kisha anasimama hapo mpaka jua lishuke.

"Mzee Velji, hayo ni maneno ya matajiri," alisema siku moja. "Mwananchi wa kawaida ni mdogo. Kama serikali haitampangia, nani atamlinda?"

"Mwalimu, na hiyo kibali nani nagawa? Malaika?"

"Watu wetu! Watu wenye elimu!"

"Hata Bombay iko watu ya elimu. Ndugu yangu nangojea mlangoni yao kila siku. Nabeba maembe, nabeba hariri, bado nangojea. Mutu kubwa naingia mlango ya nyuma, natoka na kibali kumi."

Kilonzo akacheka, Velji akacheka, hakuna aliyemgeuza mwenzake. Sisi wanawake tulisikiliza tu. Kusema kweli, mimi wakati huo nilikuwa upande wa Mwalimu. Bombay ilikuwa mbali, na Velji alikuwa Mhindi mwenye duka, na sisi wakati wa mkoloni tulikuwa tumefungiwa nje ya biashara mpaka tukadhani ndivyo Mungu alivyopanga. Mtu wetu akipanga mambo, nilidhani, atatupangia vizuri.

Kisha ikaja sheria ya leseni. Wasiokuwa raia wakaambiwa wasifanye biashara sehemu fulani fulani. Velji alikuwa amechelewachelewa kuchukua uraia, leo kesho, leo kesho, mpaka leseni yake haikutolewa tena, ikabidi afunge duka na kuhama. Kuna waliofurahi mjini, na nilielewa kwa nini. Lakini huyo alikuwa Velji, niliyemjua, aliyezaliwa Kitui hapa hapa na aliyejua nyimbo zetu mpaka ubeti wa mwisho. Nililia na sioni haya kusema. Mwalimu Kilonzo alikuja na tai yake kusaidia kupakia masanduku. Velji akamshika mkono akamwambia, "Mwalimu, naona kibali nafanya kazi." Kilonzo hakujibu. Mimi nilipewa lile bambo, nikaenda nalo Kwa Vonza kuanza biashara yangu.

Kwa Vonza nilifanya kazi kwa namna ambayo ninyi mnaona ni ya kizamani. Sikununua mahindi kwanza ndipo nitafute wateja. Wanawake walinipa magunia yao matupu na pesa zao, mimi nakwenda kutafuta nafaka ilipo, na kila gunia linarudi kwa mwenyewe. Hakuna mwanamke wa Ukambani anayekubali kurudishiwa gunia la mtu mwingine. Gunia la mkonge linakaa na mtu miaka, likitoboka analitia kiraka, kiraka kikichoka anatia kingine juu yake, na anakijua kama anavyojua paji la uso wa mtoto wake. Mimi ujira wangu ulikuwa wa kwenda na kurudi. Nilipendwa kwa sababu nilichoma kila gunia bambo mbele ya mwenyewe.

Na tena, kwenda mbali kutafuta chakula si jambo geni kwetu. Tunaita kuthuua. Mvua ikikataa, bibi zetu walitembea mpaka kwa Waembu na Watharaka, wakabadilishana mbuzi na mtama, wakarudi na mizigo imening'inia kwenye kamba ya kichwani. Hawakumwomba mtu ruhusa ya kulisha watoto wao.

Basi ikaja ile njaa ambayo watu wetu waliita Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nazo mkononi. Jina hilo mlielewe vizuri. Watu walikuwa na pesa. Waume waliokuwa Nairobi na Mombasa walituma, mbuzi waliuzwa, pesa ilikuwepo na chakula hakikuwepo. Na chakula hakikuwa kimeisha Kenya. Kilikuwa juu huko kwenye mashamba ya baridi, kimejaa maghala. Lakini mahindi yalikuwa hayaruhusiwi kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali, na kibali kilikuwa na wenyewe. Ulikuwa unaweza kuona mahindi ng'ambo ya mto na usiweze kuyafikia. Sitaisingizia serikali, chakula cha msaada kilikuja na kiliokoa watu, mimi mwenyewe nilipanga foleni. Ila hakikutosha, na foleni ilikuwa na marafiki wa watu mbele.

Nikasikia kwamba Malili, kule kwenye barabara kuu ya Mombasa, kuna mtu ameteremsha mahindi kutoka juu. Kibali chake kiliishia wilaya ile ya Machakos, maana wakati huo Makueni yote ilikuwa bado ndani ya Machakos. Wanawake wa Kwa Vonza wakaniletea magunia yao. Mwalimu Kilonzo pia alileta lake. Alikuwa amestaafu, amehamia shambani kwake karibu na soko, tai hakuiacha. Nikakodi lori, nikaenda Malili, nikachoma, nikauma, nikatikisa chupa. Yalikuwa mahindi mazuri. Tukajaza, tukashona, tukaanza safari ya kurudi huku mimi naimba mpaka dereva akaniomba ninyamaze.

Kwenye daraja la Athi tulikuta kizuizi. Ng'ambo ndiyo Kitui. Konstebo kijana alizunguka lori, akahesabu kwa kidole, akaita mkubwa wake aliyekuwa amekaa kivulini na miwani ya jua.

"Kibali kiko wapi, mama?"

"Sina, afande."

"Basi hii mahindi inaenda kwa stoo ya serikali leo jioni. Na wewe unaenda kortini." Akaniangalia kidogo, akanivuta pembeni. "Ama tuongee vizuri. Wewe ni mtu mzima, unajua vile watu hufanya."

Nilijua. Wafanyabiashara wote walijua, na waliuza mahindi bei ya kutisha kwa sababu ya kujua huko. Pesa nilikuwa nayo kidogo kwenye fundo la leso. Lakini nilitazama yale magunia na viraka vyake na nikaona kwamba nikitoa leo nitatoa kila safari, na kila shilingi nitakayotoa italipwa na mwanamke aliyeuza mbuzi wake wa mwisho. Na hapo ndipo Bombay iliponijia. Nilimwona yule ndugu yake Velji mlangoni na maembe yake, anangojea. Nilikuwa nimechukua miaka yote hiyo kuelewa hadithi ile, jamani.

"Afande," nikasema, "siwezi kukupa hata punje. Mahindi si yangu."

Akacheka. "Si yako? Ni ya nani sasa?"

"Ya watu wa Kwa Vonza. Kila gunia iko na mwenyewe. Na mtu anaruhusiwa kuvuka mwenyewe na chakula ya nyumba yake bila kibali. Si ndiyo sheria yenu?"

"Haya. Waite hao wenyewe." Alisema hivyo kwa kunidharau, kisha akarudi kivulini.

Nikawaita! Nilivuka daraja kwa miguu, nikampata muuza maziwa na baiskeli yake, nikapanda nyuma. Nilikuwa mnene wakati huo, njaa au si njaa, na yule bwana alikanyaga pedali akimwomba Mungu kwa sauti. Kwa Vonza nilipiga kelele sokoni kama mtu aliyefiwa. Hawakuuliza maswali mengi. Walitoka na punda, walitoka na kamba zao za kubebea, wengine na watoto mgongoni. Njia nzima nilikuwa nawahimiza, maana jioni ilikuwa inakaribia, na kama yule mkubwa angepeleka lori stoo kabla hatujafika, watoto wale wangelala tena na uji wa maji.

Lori lilikuwepo. Mkubwa alipoona msafara wa punda unashuka kwenye daraja, alivua miwani.

"Mama amewafundisha njiani," akasema. "Hawa wote hawana gunia hapa."

Konstebo kijana ndiye aliyetoa wazo. Aliagiza magunia yateremshwe na yalazwe viraka chini. Kisha akamwambia Mbula, mwanamke aliyekuwa mbele, "Gunia yako iko na alama gani?"

"Kiraka ya shuka ya bluu," Mbula akasema bila kufikiri. "Huku chini. Juu yake iko kiraka ingine ya suruali ya bwana yangu, ile alikuwa anaoa nayo. Nilishona na uzi wa mkonge nikiwa na mimba ya huyu." Akageuza mgongo kumwonyesha mtoto.

Konstebo akageuza magunia mpaka akaipata ile suruali. Wanawake wakapiga vigelegele. Akauliza wa pili, akauliza wa tatu, kila mmoja akataja kiraka chake na habari zake, nani alifariki wakati huo na nani alizaliwa, mpaka konstebo akawa anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

Mkubwa bado alikuwa amekaza uso. Hapo Mwalimu Kilonzo akasogea na punda wake. Alinyoosha tai.

"Afande, mimi naunga mkono serikali hii tangu siku ya uhuru," akasema. "Sheria ya kibali naiheshimu. Na sheria hiyo hiyo inasema mtu anaweza kuvuka na chakula ya nyumba yake. Mimi niko na nyumba. Gunia yangu ni hiyo. Sasa niambie kosa langu, na uniandikie, na uweke jina yako hapo chini."

Mkubwa alimwangalia, akaangalia punda, akaangalia ule umati. Akarudi kivulini. Konstebo akainua kizuizi.

Ningependa mngeona. Punda kwa punda, mwanamke kwa mwanamke, magunia yote yalivuka mto Athi hadharani, jua bado halijazama, na hakuna aliyetoa hata senti. Lori likavuka nyuma yetu likiwa tupu, dereva akinung'unika. Na ng'ambo, hatua chache tu kutoka kwenye daraja, tukiwa ndani ya wilaya yetu, lori likasimama na magunia yote yakapanda tena, yule mkubwa akitutazama. Kilonzo alikaa mbele karibu nami. Tulikuwa tumeshafika karibu na soko ndipo aliposema, "Natamani ningemjibu Velji siku ile."

Safari hiyo tuliirudia mara nyingi. Punda wa Kwa Vonza walilizoea daraja mpaka wakawa wanakwenda wenyewe.

Miaka ya tisini serikali iliondoa vibali vya mahindi. Nasikia hata kule India waliondoa vingi vyao miaka hiyo hiyo. Nilidhani kazi imeisha. Ndipo wakaja nyumbani kwangu wafanyabiashara wa Kwa Vonza, watu wazima, wamevaa makoti. Walitaka twende kwa chifu tukaombe soko letu lilindwe, watu wa nje wasiruhusiwe kuleta malori yao. Walitaka mimi niwe msemaji. "Wewe ndiye uliyepigania hili soko, Syombua," wakasema. "Hao watakuja kula jasho lako."

Nilikuwa nimewapa chai. Niliwaacha wamalize, kisha nikawaambia sitamwendea chifu kuomba mtu yeyote akatazwe kuuza. Mmoja akasema nimezeeka. Nikamwambia ni kweli, na akamalizie chai yake njiani.

Siku ya soko malori yalikuja. Moja la Machakos, moja la Thika, na moja la kijana ambaye sikuwahi kumwona, akiuza huku anacheka na kila mtu. Mimi nilikaa na magunia yangu ya mahindi, maana siku hizo nilikuwa nanunua na kuuza mwenyewe. Mwanamke mmoja mgeni, mtoto mgongoni, alisimama kwangu, akaomba bambo, mwenyewe! Akachoma, akaangalia, akauma punje.

"Ni mazuri, Susu," akasema. "Lakini bei yako iko juu."

Akanirudishia bambo akavuka barabara akaenda kununua kwa yule kijana. Na mimi niliyeuza kidogo kuliko siku yoyote nikamtazama anavyobishana kule, anatikisa kichwa, anataka kuondoka tena mpaka apunguziwe, na nikasikia furaha kifuani nisiyowahi kuipata kwa faida yoyote.